Fungate: Yapi ya Kusimulia na Yapi ya Kusitiri?

  

Walinijia vijana wawili, mume na mke, baada ya swala ya Alasiri. Ndoa yao ilifungwa Mfunguo Mosi hapa hapa Tanga, na mwezi ulikuwa bado haujatimia. Wakaniamkia, wakaketi, kisha kila mmoja akawa anamwachia mwenziwe aanze. Mwisho akaanza mke: "Shekhe, mume wangu ameyatoa ya chumbani mwetu barazani. Nimeyasikia kwa mke wa rafiki yake, tena dukani, watu wamejaa."

Mume akainama. "Maalim, Wallahi sikumsema vibaya. Nilimsifu tu. Tulikaa wenyewe vijana tunakumbushana harusi zetu, kila mtu anaeleza yake." Kisha naye akatoa lake. Asubuhi ya kwanza ya fungate, kabla yeye hajatoka kuoga, somo wa mkewe alikuwa amekwisha kuichukua shuka na kuizungusha kwa wakwe na majirani kwa vigelegele. "Na hilo, Maalim, hakuna aliyeliona kuwa ni kutoa siri."

Nikaona kijana ana hoja, tena nzito kuliko alivyodhani mwenyewe. Lakini neno lililonikaa moyoni ni la mkewe, alipoona nimeanza kutaja hukumu: "Basi Shekhe, tusikumbuke chochote? Maana zile ndizo siku zangu nzuri kuliko zote."

Kwa ajili ya swali hilo ninaandika. Watu wetu wamegawika katika jambo hili. Wako wanaosimulia kila kitu mpaka cha kitandani, na wako wanaodhani kuwa mcha Mungu haizungumzi harusi yake kabisa, kana kwamba alifanya jambo la aibu. Wote wawili wameacha njia.

Tuanze na hawa wa pili. Ndugu msomaji, kifungue Kitabu cha Nikahi katika Sahihi Bukhari ukisome kwa utulivu. Utaona kuwa sehemu kubwa ya hukumu tunazozitegemea katika harusi imetufikia kwa njia ya mtu kukumbuka harusi, iwe yake mwenyewe au aliyoihudhuria. Jabir bin Abdillah (r.a.) anakumbuka alivyokuwa akirudi kutoka vitani na Mtume (s.a.w.), naye ni bwana harusi mpya, ngamia wake mzito anambakisha nyuma, mpaka Mtume akamfikia na kumuuliza kwa nini ana haraka. Alipojua kuwa ameoa akamuuliza kama ameoa bikira au aliyekwisha kuolewa. Jabir akamweleza kuwa ameoa aliyekwisha kuolewa, kwa sababu baba yake aliuawa Uhud akaacha mabinti, na yeye hakupenda kuwaletea msichana aliye rika lao. Alitaka mwanamke wa kuwachana nywele na kuwasimamia. Mtume (s.a.w.) akamwombea baraka. Hebu tazama: katika kumbukumbu moja ya bwana harusi mna hukumu ya kuchagua mke, mna huruma kwa mayatima, na mna ruhusa ya kiongozi kumuuliza kijana wake habari za ndoa yake kwa uso mkunjufu.

Sahl bin Saad (r.a.) naye anakumbuka harusi ya Abu Usayd as-Saidi. Bibi harusi mwenyewe ndiye aliyewahudumia wageni siku ile. Aliloweka tende usiku katika chombo cha mawe, na Mtume alipomaliza kula akampa maji yake anywe. Ndiyo karamu hiyo. Wale wanaokopa fedha ili wapike pilau ya mtaa mzima wamsome Sahl.

Lakini kumbukumbu ninayoipenda mimi kuliko zote ni ya Rubayyi bint Muawwidh (r.a.). Baba yake, Muawwidh bin Afraa, aliuawa Badr mwaka wa 2 Hijria, na ami yake Awf aliuawa siku hiyo hiyo. Binti akaolewa bila baba. Miaka mingi baadaye alimhadithia mwanafunzi wake, Khalid bin Dhakwan, kwamba asubuhi ya harusi yake Mtume (s.a.w.) alikuja akaketi kwenye tandiko lake, akamwonyesha Khalid kabisa kuwa aliketi kama ulivyoketi wewe hapo. Wasichana wadogo walikuwa wanapiga dufu na kuwataja kwa sifa wazee wao waliouawa Badr. Mmoja akaingiza maneno kwamba miongoni mwao yumo Nabii anayejua ya kesho. Mtume akamkataza neno hilo, kisha akawaambia waendelee na yale waliyokuwa wakiyasema mwanzo.

Wanachuoni wametoa humo ruhusa ya dufu katika harusi, na wametoa humo kwamba kosa la itikadi husahihishwa palepale, ila furaha ya watu haivunjwi kwa ajili yake. Mimi naongeza jambo moja la kutazamwa. Bibi harusi huyu alikuwa na mengi ya kukumbuka, lakini aliyoyahifadhi na kuyatoa ni haya: nani alikuja, aliketi wapi, na namna wafu wake walivyotajwa siku ya furaha yake. Usiku wake hakuugusa hata kwa ishara.

Na Bi Aisha (r.a.) alikuwa akikumbusha kuwa Mtume alifunga naye ndoa katika Shawwal na akaingia kwake katika Shawwal, akiuliza ni mke gani aliyekuwa na bahati kwa Mtume kuliko yeye. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Waarabu wa kijahiliya walikuwa wakiukimbia mwezi huo kwa nikahi, na yeye akaivunja itikadi hiyo kwa kumbukumbu ya harusi yake. Ndiyo maana Mashafii wakasema ni sunna kuoa katika mwezi huo. Sisi wa pwani twauita Mfunguo Mosi na harusi zake ni nyingi, alhamdulillahi. Lakini ukija Mfunguo Tano, yaani Safar, bado wapo wanaokwenda kwa watazama nyota kuuliza kama mwezi unafaa. Hao nao wanamhitaji Bi Aisha.

Sasa tuje kwenye fungate yenyewe. Neno hili ni letu la asili. Jirani zetu Wazigua, Wabondei na Wasambaa mpaka leo wakihesabu, saba ni "mfungate". Sisi tulipochukua "saba" kutoka Kiarabu katika kuhesabu, neno la zamani likabakia kwa maharusi. Sisemi kuwa wazee walilitoa jina hilo katika hadithi. Lakini desturi na sheria hapa zimekutana pahali pamoja, maana Anas bin Malik (r.a.) amepokea, katika Bukhari na Muslim, kuwa ni sunna mtu mwenye mke akioa bikira akae kwake siku saba ndipo agawe zamu, na akioa aliyekwisha kuolewa akae kwake siku tatu. Hii ndiyo iitwayo katika vitabu haki ya zifafu. Ni haki ya mke, kwa ajili ya kuondoa ugeni na kuzoeana. Mtume (s.a.w.) alipomwoa Bi Ummu Salama (r.a.), ambaye alikuwa mjane, alimkalia siku tatu, akamhiyarisha: akitaka saba atampa, lakini na wake wengine nao watapewa saba saba.

Watu wa Tanga si wageni wa elimu hii kwa Kiswahili. Sheikh Ali bin Hemedi el-Buhriy, aliyekuwa kadhi wa Tanga, aliandika kitabu cha Nikahi kilichochapishwa Dar es Salaam mwaka 1959 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya J.W.T. Allen. Na kabla yake Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, alizieleza harusi za Mrima kwa urefu. Kwa hiyo asitokee mtu akasema mambo haya hayaandikwi.

Hapa pana mas-ala ambayo maimamu wengi tunaulizwa. Katika nyumba nyingi bwana harusi hufungiwa siku zote saba, akionekana msikitini watu humcheka. Imamu Nawawi katika Rawdha ameeleza kuwa haifai mtu, kwa sababu ya haki ya zifafu, kuacha swala za jamaa, kutembelea wagonjwa, kusindikiza jeneza na mambo mengine ya kheri aliyoyazoea. Hiyo ni mchana. Ama usiku, wenzetu wa madhehebu wamesema asitoke, kwa kuwa hayo ni ya sunna na kukaa kwa mke ni wajibu. Basi anayemcheka bwana harusi aliyekuja Adhuhuri ajue anacheka nini.

Vijana wenye uwezo siku hizi hawakai nyumbani. Wanakwenda Pangani, Ushongo, Lushoto au Unguja. Hakuna ubaya, ila wanasahau swala. Kutoka Tanga mjini hadi Pangani haifiki mwendo wa kupunguza swala, ambao wanachuoni wa zama hizi wameukadiria kuwa kilomita 80 na kitu. Lushoto inazidi, na njiani mtu atapunguza. Lakini aliyenuia kukaa huko siku nne kamili, bila kuhesabu siku ya kuingia na ya kutoka, kwa madhehebu yetu safari yake imekatika alipofika, na ataswali kamili. Mwenye kulipia nyumba ya wageni siku saba hana rakaa mbili.

Walio nyumbani wana balaa lao jingine, nalo ni wageni. Anas, aliyekuwa mtumishi wa Mtume, anakumbuka walima ya Bi Zaynab bint Jahsh (r.a.): watu walikula, wakatoka, wakabaki watu wachache wanazungumza tu. Mtume alitoka akarudi akawakuta, naye alikuwa na haya mno kuwaambia waondoke. Ndipo ikateremka aya ya 53 ya Suratul Ahzab. Ukienda kuwatazama maharusi, ule uliloandaliwa, uwaombee baraka, unyanyuke.

Turudi kwa yule kijana na baraza lake. Muslim amepokea kwa Abu Said al-Khudri (r.a.) kuwa miongoni mwa watu watakaokuwa na daraja mbaya kabisa mbele ya Allah Siku ya Kiyama ni mume anayeingiliana na mkewe kisha akaieneza siri yake. Na Imamu Ahmad amepokea kwa Asmaa bint Yazid (r.a.) kuwa Mtume aliwauliza wanaume na wanawake waliokuwa kwake kama wanasimuliana ya faragha. Watu wakanyamaza. Asmaa akasema ndiyo, wanasimulia wote, wanaume na wanawake. Mtume akawakataza, akalifananisha jambo hilo na shetani dume aliyekutana na shetani jike njiani, watu wanatazama. Sanadi ya hadithi hii imezungumzwa, kwa kuwa ndani yake yumo Shahr bin Hawshab, lakini yaungwa mkono na ile ya Muslim.

Nawawi katika sherehe ya Muslim amelipambanua jambo. Kueleza kwa kina yaliyopita kati yao, maneno na vitendo vya starehe, ni haramu. Kutaja tu kuwa jambo lilikuwa, bila haja wala faida, ni makuruhu kwa kuwa yapingana na muruwa. Ikiwa pana haja, haichukizi: kama mke amedai kuwa mume hana nguvu, au mambo yamefika kwa kadhi au kwa tabibu. Mke wa zamani wa Rifaa al-Quradhi alikuja kwa Mtume akamshitakia udhaifu wa mume wake wa pili kwa neno la kufananisha, na Mtume hakumkemea. Na wakeze Mtume walieleza habari za kuoga janaba ili umma ujifunze. Hayo ni elimu.

Na kile kisingizio cha kijana, kwamba alimsifu? Ni hapo hasa penye kosa. Ibn Masud (r.a.) amepokea, katika Bukhari, kukatazwa mwanamke kumweleza mumewe sifa za mwanamke mwingine mpaka ikawa kama anamwona. Ikiwa mwanamke amekatazwa kumpambia mumewe umbo la shoga yake, itakuwaje mume awapambie vijana wenzake umbo la mkewe? Sifa humwingiza barazani kuliko tusi, kwa sababu tusi watalisahau. Nilipomweleza hivyo alinyamaza kitambo, kisha akamwomba mkewe radhi mbele yangu. Namshukuru kwa hilo. Si wepesi wanaume wetu kufanya.

Kisha nikamgeukia binti, kwa sababu ya lile la shuka. Watu wa pwani wanalijua: kitambaa cheupe, kisarawanda, hutandikwa usiku wa kwanza, na asubuhi kungwi au somo hukionyesha. Pakipatikana damu ni vigelegele na zawadi. Isipopatikana ni kunong'ona, na wakati mwingine mwari kurudishwa kwao.

Mimi nasema wazi kuwa jambo hili halina asili katika sheria, na lina madhara matatu. Kwanza ni kueneza siri ile ile aliyoikataza Mtume, tofauti ni kuwa hapa inaenezwa kwa kitambaa. Pili, halithibitishi chochote. Katika Minhaj, kitabu tulichokisoma wengi wetu kwa masheikh zetu, Nawawi amesema kwa kauli iliyo sahihi zaidi kuwa ubikira uliotoka bila ya kuingiliwa, mfano kwa kuanguka, hauna athari: binti huyo katika hukumu ni bikira vilevile. Wanachuoni walijua karne nyingi zilizopita kuwa mwili si shahidi wa zinaa. Madaktari nao wanasema wanawake wengi hawatoki damu mara ya kwanza, na mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani pamoja na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa walitaka vipimo vya ubikira vikomeshwe kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Tatu, na ndilo zito, ni kwamba anayemtuhumu mwanamke zinaa bila mashahidi wanne amefanya kadhfu, na adhabu yake katika aya ya 4 ya Suratun Nur ni viboko themanini na kukataliwa ushahidi wake. Kina mama wanaonong'ona juu ya kitambaa cheupe hawajui kuwa wamesimama pabaya namna hiyo. Somo na kungwi wana kazi yao njema ya kumfundisha binti twahara na wema wa nyumba, na twawaheshimu kwa hiyo. Iishie hapo.

Simu zetu za leo ni kitambaa kingine. Bibi harusi amepambwa kwa ajili ya mumewe na wanawake wenziwe, nywele wazi, hina mikononi. Kina mama wanacheza vugo ndani wakijua wako peke yao. Kesho yake picha zimefika Mombasa na Maskati. Wengine hupiga picha chumba cha fungate, na kitanda na maua yake, wakazituma kwa watu mia. Picha iwekwe na wenyewe, waitazame wenyewe na maharimu wao. Anayepiga picha ukumbi wa wanawake awe mwanamke mwaminifu, na azikabidhi zote. Maimamu wenzangu, hili litajwe kabla ya kufunga ndoa, baada yake huwa tumechelewa.

Yule binti alisikiliza yote hayo, kisha akarudia swali lake kwa macho tu. Nikawaambia: haya, mimi ni mtu mzima na nimewafundisha wengi, nisimulieni harusi yenu, ya nje ya pazia.

Mume akacheka kwanza. Akasema yeye hasahau babu yake aliyetoka Moa kwa mashua, upepo ukamgomea, akaingia saa nne za usiku walima imekwisha, akakalia kibaraza na kula ukoko wa pilau kwa furaha, akisema ndio alioufuata. Na anakumbuka walipovuka mto Pangani kwa kivuko kwenda Bweni, mkewe ambaye hajawahi kuuvuka aliushika mkono wake mbele ya watu bila kujua, na alipojua akauachia.

Mke akakawia. Baba yake alifariki miaka mitatu kabla ya harusi, na hana babu wala kaka, kwa hiyo walii alikuwa baba yake mdogo. Siku ya ndoa ami yake aliingia chumbani kumuuliza idhini, kama inavyopasa, kabla ya kwenda msikitini. Akasimama mlangoni, akalitaja jina la marehemu, akashindwa kuendelea. Akawa analia na kofia mkononi. Binti, ambaye kimya chake kingetosha katika sheria, akamjibu kabla hajaulizwa: "Nimekubali, baba. Nenda, watakungoja."

Wallahu aalam.